Kusanifu na kupima heliksi ya tyubu ya TWT, kuanzia karatasi hadi mwale wa kwanza

Elektroni iliyosukumwa na volti 4,000 inakimbia kilomita 37,000 hivi kwa sekunde. Wimbi la redio linakimbia karibu 300,000. Ukitaka wimbi lichote nguvu kutoka kwa elektroni, lazima viwili hivyo viende sambamba, na kwa kuwa elektroni hailiwezi wimbi kwa mbio, wimbi ndilo hupunguzwa mwendo. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ndani ya TWT (tyubu ya wimbi linalosafiri, yaani tyubu ya ombwe inayokuza mawimbi ya redio) ndicho muundo wa kupunguza mwendo wa wimbi, na ulio maarufu kuliko yote ni heliksi: waya uliosokotwa kama springi. Wimbi linafuata waya kwa kasi yake ile ile, lakini kwa kuwa linazunguka na kuzunguka, likitazamwa kwa urefu wa springi linasonga taratibu.

Aliyeunda tyubu ya namna hii Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, Rudolf Kompfner, alisomea usanifu wa majengo. Nadharia yake ikanyooshwa na John R. Pierce wa Bell Labs, Marekani, na hesabu zake ndizo tunazotumia mpaka leo. Mwaka 1962 setilaiti ya Telstar ilirusha picha za televisheni kuvuka bahari kwa kutumia tyubu ya aina hii.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: kikuzaji cha masafa ya gigahezi 10, volti 4,000, mkondo wa miliampia 60, ukuzaji wa desibeli 40. Namba zangu ni za kuanzia, si za kuchongea chuma. Msimamo wangu nausema mapema: wanaoanza hushughulika mno na impedansi (kipimo cha ukubwa wa uga unaoufikia mwale wa elektroni, hatua ya 3), ilhali tyubu nyingi zinazokataa kufanya kazi zinakwama kwenye mambo mawili mengine, kasi ya wimbi iliyokosewa kidogo na miisho inayorudisha wimbi. Ndiyo maana hapa chini nimekaa zaidi kwenye hayo mawili.

Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji heliksi

Heliksi inafaa pale unapotaka bendi pana. Zilizosanifiwa vizuri hufunika masafa ya chini hadi mara mbili yake, na zaidi. Udhaifu wake ni joto, kwa sababu waya mwembamba umeegemea fito za kauri tu, na volteji ikipanda sana huanza kujitetemesha yenyewe. Ukitaka kilowati nyingi kwa bendi nyembamba, nenda kwenye kaviti zilizounganishwa, yaani vyumba vidogo vya chuma vilivyopangwa mfululizo. Ukipanda hadi masafa ya gigahezi 94 na kuendelea, heliksi inakuwa ndogo kuliko mkono wa fundi unavyoweza, na hapo watu hutumia weivugaidi (mfereji wa chuma wa kupitishia wimbi) iliyokunjwa kama nyoka, inayochongwa kwa mashine kwenye shaba. Tuendelee na heliksi.

Hatua ya 2: Kasi, nusu kipenyo na pichi

Anza na kasi ya elektroni. Fomula ni v = c × √(1 − 1/(1 + V/511,000)²), ambapo c ni kasi ya mwanga na V ni volteji. Kwa volti 4,000 unapata 0.1244 ya kasi ya mwanga, yaani mita milioni 37.3 kwa sekunde. Ukitumia fomula ya shule isiyojali uhusianifu utapata 0.1251. Tofauti ni nusu asilimia tu, lakini izoee fomula kamili, maana kwenye volti 20,000 kosa hilo linakua.

Gawanya 2π × masafa kwa kasi hiyo: radiani 1,685 kwa mita. Hiyo ndiyo β, nayo ina maana kwamba urefu wa wimbi ndani ya heliksi utakuwa milimita 3.73 badala ya milimita 30 za hewani.

Sasa nusu kipenyo cha heliksi, tukiite a. Uga wa umeme una nguvu karibu na waya na unafifia kuelekea mhimili. Kiwango cha kufifia kinaitwa γ, na kwa kasi hizi kinakaribia kulingana na β (hapa ni 1,672). Heliksi ikiwa pana mno, mwale wa elektroni unaopita katikati hauhisi kitu. Ikiwa nyembamba mno, mwale haupiti. Wasanifu hukaa kati ya γa ya 1.2 na 1.6, chukua 1.4, upate a ya milimita 0.84. Mwale wenyewe upe nusu ya hapo, milimita 0.42.

Pichi, yaani umbali kutoka mzunguko mmoja wa waya hadi mwingine, ndiyo inayoweka kasi ya wimbi. Hapa pana mtego. Vitabu vya utangulizi vinasema kasi ya wimbi ni c × sin ya pembe ya msokoto. Hiyo ni kweli γa ikiwa kubwa. Kwenye γa ya 1.4, nadharia ya heliksi kama ganda linalopitisha mkondo kwa mshazari inaonyesha wimbi linakwenda haraka zaidi kwa asilimia 15 hivi. Upande wa pili, fito za kauri zinalivuta wimbi nyuma. Kwa fito tatu nyembamba, kizidisho cha 0.8 ni makisio ya kuanzia yanayokubalika. Ukiweka vyote viwili, tan ya pembe inakuwa 0.1244 ÷ (1.15 × 0.8), takribani 0.135, na pichi ni 2π × 0.84 × 0.135 = milimita 0.71.

Iandike namba hiyo kwa penseli. Kosa la mikromita 10 kwenye pichi ni asilimia 1.4 ya kasi, na kwa kuwa kasi inafuata kipeuo cha pili cha volteji, utalazimika kusogeza volteji kwa karibu asilimia 3, zaidi ya volti 100.

Hatua ya 3: Ukuzaji na urefu

Impedansi ya mwingiliano, K, inaeleza uga wa mhimilini ni mkubwa kiasi gani kwa kila wati inayopita. Kwa heliksi kama hii chukua ohimu 50 mpaka utakapopima. Kigezo cha Pierce ni C, na C³ = K × I ÷ (4V). Kwa mfano wetu, C³ ni 50 × 0.06 ÷ 16,000, na C inatoka 0.057.

Ukuzaji kwa desibeli ni −9.54 + 47.3 × C × N, ambapo N ni idadi ya mawimbi kwenye urefu wa heliksi. Ile −9.54 ni gharama ya kuingilia: wimbi la kuingia linagawanyika mafungu matatu na fungu moja tu ndilo linalokua. Kwa desibeli 40 unahitaji mawimbi 18.3, milimita 68.

Usikate waya wa milimita 68. Chaji za elektroni ndani ya mwale zinasukumana na kuipunguza ile 47.3, inaweza kushuka hadi karibu 40 au chini yake. Hasara ya waya nayo inakula, takribani theluthi yake ikionekana kwenye ukuzaji. Mikato, ambayo tunaifikia sasa hivi, inakula desibeli kadhaa kila mmoja. Kwa vyote hivyo mimi ningeanza na milimita 110.

Hatua ya 4: Mahali pa kukata

Hakuna heliksi inayopokelewa kikamilifu kwenye miisho yake. Wimbi lililokuzwa likifika mwisho, sehemu yake inarudi mwanzo, inarudishwa tena, inakuzwa tena. Mzunguko huo ukipata faida badala ya hasara, tyubu inakuwa kitetemeshi. Sharti ni rahisi: ukuzaji wa kipande kimoja uwe chini ya jumla ya hasara ya kurudi (desibeli ambazo wimbi linalorudishwa limepungua kuliko lililofika) ya mwisho wa kwanza, ile ya mwisho wa pili, na hasara ya waya katika safari ya kurudi.

Tuseme kila mwisho una hasara ya kurudi ya desibeli 12 na waya una 3. Jumla ni 27. Acha nafasi ya desibeli 6, na kipande kimoja kisizidi 21. Hapa ndipo ninapomkumbusha kila anayeniuliza: desibeli 3 ulizoboresha kwenye kiunganishi cha kuingilia zina thamani kuliko ohimu 10 za impedansi.

Kwa desibeli 40, vipande viwili vinatosha kwa shida. Vitatu vinakupa usingizi. Kwenye kila mkato heliksi inakatwa kabisa, na pande zote mbili fito zinapakwa utando mwembamba wa kaboni ambao unene wake unaongezeka polepole, kwa urefu wa mawimbi kadhaa, ili wimbi limezwe bila kushtuka. Mwale unaruka mkato ukiwa na mafungu yake ya elektroni na kulianzisha wimbi upya upande wa pili. Utando wa ghafla ni sawa na ukuta: utarudisha wimbi badala ya kulimeza.

Karibu na mwisho wa kutokea, punguza pichi kwa asilimia chache. Elektroni zilizokwisha kutoa nguvu zinachelewa, na wimbi likipunguzwa mwendo nalo linaendelea kuzivuna.

Angalia na ukingo wa hatari: masafa ambayo pichi inakuwa nusu ya urefu wa wimbi wa ndani. Kwa pichi ya milimita 0.71 na kasi yetu, ni karibu gigahezi 26. Karibu na hapo ndipo wimbi la kurudi nyuma linapoweza kujianzisha bila kuombwa. Liandike kwenye daftari, utalihitaji kwenye jaribio la mwisho.

Hatua ya 5: Programu, halafu modeli kubwa

Kwenye programu ya uga wa sumakuumeme chora mzunguko mmoja tu wa heliksi na bomba la nje, weka mipaka inayojirudia kwenye nyuso mbili, na uiambie programu itafute masafa kwa kila hatua ya fezi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, kwa digrii) kutoka 20 hadi 180. Kila jozi ya fezi na masafa inakupa kasi. Chora tepe ya waya kwa unene wake wa kweli. Tepe isiyo na unene inadanganya kasi kwa asilimia kadhaa. Bomba la nje lianzie nusu kipenyo cha mara mbili ya a.

Kisha jenga modeli iliyokuzwa mara 10. Watu wengi huiruka hatua hii siku hizi kwa kuiamini kompyuta, mimi siiruki. Vipimo vyote vikikuzwa mara 10, masafa yanashuka mara 10: heliksi ya nusu kipenyo cha milimita 8.4 na pichi ya milimita 7.1, inayopimwa kwenye gigahezi 1 kwa vifaa vya kawaida. Sokota tepe ya shaba juu ya mhimili wa chuma wenye mfereji uliokatwa kwa mashine ya kukereza, uitie kwenye fito, chomoa mhimili. Fito lazima ziwe na kiwango kile kile cha dielektriki cha tyubu halisi: karibu 6.5 kwa beriliamu oksaidi, karibu 5 kwa boroni naitraidi, 9 hadi 10 kwa alumina. Fito za plastiki ya tefloni zina 2.1 na zitakupa kasi isiyo na uhusiano na tyubu yako. Hasara ya waya pia haikuzwi kwa uwiano huo, kwa hiyo usiitumie modeli kukisia hasara.

Hatua ya 6: Kupima baridi

Kupima baridi ni kupima muundo bila mwale. Kifaa ni kichanganuzi cha mtandao, kile mafundi wanachokiita VNA, kinachosoma ukubwa na fezi ya kinachopita na kinachorudi.

Kasi kwanza. Tatizo ni kwamba fezi unayosoma imechanganya heliksi na viunganishi vyake. Dawa ni kutengeneza heliksi mbili za majaribio zisizo na mkato wala kaboni, moja ya milimita 40 na nyingine ya 80, kwa viunganishi vile vile. Toa fezi ya fupi kwenye fezi ya ndefu. Viunganishi vinafutana, kinachobaki ni fezi ya milimita 40 za heliksi. Gawanya kwa urefu na umepata β. Kwenye gigahezi 10 hizo ni radiani 67.4, karibu mawimbi 10.7, na kosa la asilimia 1 la kasi linaonekana kama digrii 39. Kipimo hiki kinaona makosa ambayo rula haiyaoni. Anza kusoma kutoka masafa ya chini ukipanda bila kuruka, la sivyo utapoteza hesabu ya mizunguko kamili na kujikuta na kasi ya ajabu.

Ukipima kaviti zilizounganishwa badala ya heliksi, njia ni nyingine: funga kaviti kadhaa kwa bamba la shaba pande zote mbili, tafuta masafa ya mlio, na kila mlio unalingana na fezi inayojulikana kwa kaviti moja.

Impedansi inafuata. Pitisha ufito mwembamba wa kauri kwenye mhimili wa heliksi na usome fezi inavyobadilika. Ufito unalichelewesha wimbi kwa kiasi kinachotegemea uga wa mhimilini, na K = 2Δβ ÷ (ω × ε₀ × (εr − 1) × πr² × β²), ambapo Δβ ni badiliko la β, ω ni 2π × masafa, ε₀ ni kiwango cha dielektriki cha ombwe, εr ni kile cha ufito, na r ni nusu kipenyo cha ufito. Kwa ufito wa alumina wa nusu kipenyo cha milimita 0.15 ndani ya milimita 60 za heliksi yetu, K ya ohimu 50 ingeonekana kama badiliko la digrii 84 hivi. Ukiona digrii 60, K yako ni karibu 36, rudi hatua ya 3 na uongeze urefu. Ufito uwe umenyooka. Ukiegemea upande unasoma uga wa karibu na waya na kukupa impedansi ya kufurahisha isiyokuwepo.

Tatu, miisho. Soma hasara ya kurudi ya kila kipande, bendi nzima na nje ya bendi kidogo, halafu igeuze kwenye muda ili uone rudisho linatoka wapi: kwenye kiunganishi, kwenye kaboni, au katikati ya heliksi ambako hapakupaswa kuwa na kitu. Rudisho la katikati maana yake pichi imeruka, mara nyingi pale waya ulipokwaruza wakati wa kuingizwa kwenye bomba. Mimi niliwahi kuupuuza mlima mdogo wa desibeli 18 katikati ya heliksi, nikajiambia uko mbali na mwisho. Tyubu ile ilitetema siku ya kwanza.

Mwisho, joto. Ndani ya ombwe, pitisha mkondo wa moja kwa moja kwenye waya wa tangsteni na usome ukinzani wake. Ukinzani wa tangsteni unapanda karibu asilimia 0.45 kwa kila digrii ya Selsiasi, kwa hiyo ongezeko la asilimia 10 ni digrii 22 hivi. Linganisha heliksi zako kwa wati zile zile: inayopata joto zaidi haijakaza kwenye fito zake, hata kama kwa macho inaonekana safi.

Tahadhari moja kuhusu fito. Beriliamu oksaidi inasafirisha joto vizuri mno, lakini vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usilikate, usilisage, usilipige msasa. Kama huna chumba maalumu, tumia boroni naitraidi.

Hatua ya 7: Mwale wa kwanza

Baada ya tyubu kulehemiwa na kuokwa kwa saa nyingi kwenye digrii 400 hadi 500 huku pampu ikivuta, unganisha mitambo. Hapa una volti elfu kadhaa zenye uwezo wa kuua: fimbo ya kutuliza chaji iwe mkononi kabla ya kugusa chochote, na mtu wa pili awe chumbani. Kwa volteji kubwa zaidi ya mfano huu weka na kinga ya eksirei.

Washa kwa mapigo mafupi, si mfululizo. Soma mkondo unaoangukia heliksi kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Asilimia chache za mwale zinatosha kuuchoma waya kama huu. Uga wa Brillouin wa mwale huu, yaani uga wa sumaku wa chini kabisa unaouzuia usitanuke, ni karibu tesla 0.06, na sumaku zinazopokezana kaskazini na kusini kwa kawaida huwekwa juu ya hapo. Mkondo wa heliksi ukizidi, sogeza sumaku, usiongeze volteji kwa matumaini.

Kabla ya kuingiza ishara yoyote, ziba mlango wa kuingilia kwa kifyonzaji na uangalie mlango wa kutokea kwa kichanganuzi cha spektra, kutoka masafa ya chini mpaka juu ya gigahezi 26 uliyoiandika. Pandisha mkondo wa mwale kidogo kidogo. Mstari mwembamba ukijitokeza ndani ya bendi, ni miisho au mikato. Ukijitokeza karibu na 26, ni wimbi la kurudi nyuma: mwale ni mwingi kwa kipande hicho, au kipande ni kirefu.

Ikiwa kimya, ingiza ishara ndogo ya gigahezi 10 na uzungushe volteji polepole kati ya 3,700 na 4,400 huku ukichora ukuzaji. Kilele kitakaa karibu na volteji uliyoitabiri kutoka kupima baridi, kwa kawaida juu yake kidogo. Kikiwa mbali kwa volti 300, kasi halisi ya heliksi imehama kwa asilimia karibu 4 tangu ulipoipima, na cha kukagua ni kubanwa kwa bomba na kulehemu.

Kisha pandisha ishara ya kuingia kwa desibeli 1 kila mara mpaka nguvu ya kutokea ikome kupanda. Mwale wetu una wati 240. Ukivuna wati 25 hadi 30 kwenye kikomo hicho, heliksi inafanya kazi yake. Rudia kwenye masafa ya pembezoni mwa bendi bila kugusa volteji, maana kwenye matumizi hakuna atakayekuwepo kuigusa.

Weka heliksi zile mbili za majaribio, ya 40 na ya 80, kwenye boksi lenye jina la tyubu hiyo. Tyubu ya pili ikitoka na kilele mahali pengine, utazihitaji.